Maswali Yenu: Harusi Zikipungua, Nani Hukatwa Kwanza?

Barua za safari hii zinatoka Mombasa, zote kwa wanawake wanaokula kwa jukwaa. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Naimba taarab kwenye bendi ya watu sita. Harusi zikiwa chache, mimi ndiye wa kwanza kupunguziwa. Naambiwa, "Wewe si utatunzwa noti na hadhira?" Nidai vipi bila kufukuzwa? (Mwimbaji, Kisauni)

Dada, ukianza kwa kudai nyongeza utaambiwa una tamaa. Omba kwanza hesabu ya kazi iliyopita, isomwe mbele ya wote.

Tuseme harusi imelipa shilingi 40,000. Usafiri 5,000, kodi ya spika na vyombo 8,000. Zinabaki 27,000, kwa watu sita ni 4,500 kila mmoja. Bei ikishuka hadi 28,000, gharama hazibadiliki: zinabaki 15,000, yaani 2,500 kwa kichwa. Inauma, lakini imwume kila mtu. Hapa ndipo panapofichwa mambo: mwenye kinanda huchukua kodi ya chombo, kisha akachukua na fungu kubwa kuliko wenzake kwa sababu "chombo ni changu". Achague moja.

Tunzo ni zawadi ya hadhira, hazimpunguzii mtu fungu lake. Mkiamua ziwekwe pamoja, sawa, lakini ziwekwe zote, hata alizopewa mpiga ngoma. Na msizihesabu kama pato la uhakika. Kafyu ya korona ya Machi 27, 2020 ilianzia saa moja jioni, wakati ambapo kesha la harusi hata halijaanza, na haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Hadhira haikuwepo, na noti za kutunza hazikuwepo. Mwenye vyombo alikuwa bado na kitu cha kukodisha. Mwimbaji aliyezoea kutegemea tunzo hakuwa na cha kukodisha.

Makubaliano yaandikwe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kazi: tarehe, bei, gharama, mgao, na kila mmoja ajibu. Mteja atoe nusu mapema, na mkubaliane naye kwamba akivunja kazi zikiwa zimebaki siku chini ya saba, nusu hiyo hairudi. Arubuni hiyo ikiingia kwenye simu ya kiongozi, watu wawili wauone ujumbe wa M-Pesa siku hiyo hiyo. Pesa nyingi za bendi hupotelea hapo, si ukumbini. Ukidhulumiwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na unaweza kujisimamia bila wakili.

Sisi ni kina mama wa vugo, ngoma ya harusi ya kugonga pembe za mnyama kwa vijiti, twaimbia wanawake peke yao. Kazi zimepungua, kila mtu atuambia tuingie mtandaoni. Lakini wateja wetu hawataki simu ukumbini, na wengine kwetu hawaruhusiwi kuonekana. (Kikundi, Mji wa Kale)

Ushauri wa "ingieni mtandaoni" hutolewa kana kwamba kila msanii ana ruhusa ya kuonyesha uso wake. Nyinyi uzeni sauti, picha iacheni.

Tafuteni chumba kidogo, msimamishe godoro ukutani na kufungua kabati la nguo ili mwangwi umezwe. Zimeni feni na friji, simu iwe hali ya ndege. Rekodini pembe kwanza, simu ikiwa hatua mbili tatu mbali. Simu ikiwa karibu, mlio wa pembe ni mkali mno: simu hujipunguza sauti yenyewe kila pembe inapogongwa, na sauti ya mwimbaji inazama na kuibuka. Kisha mwimbaji asikilize pembe kwa spika za masikio zenye waya, aimbe simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipasue sauti. Zisizo na waya huchelewesha, mtaimba nyuma ya mapigo bila kujua kwa nini. Ndiyo sababu pia msijaribu kuimba pamoja kila mmoja yuko kwake kwa simu ya video: mtandao huchelewa, hampatani hata kidogo.

Mkiuza wimbo, utungieni ndani jina la bibi harusi na la mamake. Faili ya sauti haizuiliki, itasambazwa. Lakini wimbo wenye jina la mtu haufai kwa harusi ya mwingine, kwa hiyo mwingine naye atawatafuta nyinyi. Tumeni kipande cha sekunde 30, kamili baada ya malipo. Na namba ya kupokelea pesa iwe ya mmoja wenu, si ya shemeji mwenye simu nzuri.

Nacheza ngoma hotelini, kazi ya mwaka mzima bila karatasi. Wageni wamepungua, nimeambiwa nipumzike kwa kuwa nina mimba. Wanaume wa kikundi wanaendelea. (Mcheza ngoma, Shanzu)

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kubaguliwa kwa jinsia au mimba, na likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kukosa karatasi hakukuondolei haki: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Swali ni nani mwajiri wako, hoteli au kiongozi wa kikundi? Angalia jina linalotokea kwenye ujumbe wa malipo. Kusanya jumbe hizo, ratiba za maonyesho na ule ujumbe wa "pumzika". Kama ulisemwa kwa mdomo, waandikie leo uwaulize unarudi lini na kwa nini wengine wanaendelea.

Ukiwa umeachishwa, malalamiko kwa afisa wa kazi yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Nenda na nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokewa ubaki nayo.