Jibu: Nokia 1100 au iPhone, ipi imeingiza hela nyingi?

Mkuu, usichanganye idadi na mapato. Nokia 1100 ya 2003, ile yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya simu milioni 250. Hata ukiipigia dola 100 kila moja, inakuja kama dola bilioni 25. iPhone iliingiza takribani bilioni 205 katika mwaka wa fedha wa 2022 pekee, yaani hizo 25 inazipata kwa mwezi mmoja na nusu. Ila hapo unalinganisha toleo moja na ukoo mzima ulioanza 2007, si haki sana. Tena hayo ni mauzo, faida ni hesabu nyingine. Na idadi ya iPhone usiitafute kwenye ripoti mpya: Apple walitangaza mwishoni mwa 2018 kwamba wanaacha kuitoa, siku hizi wanaandika dola tu.