Barua kwa mwanangu: ile karatasi ya fremu

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku Moshi wazima. Umeuliza kama ile karatasi ya kuongeza miaka miwili kwenye mkataba wa pango na kushusha kodi ya fremu ya biashara uliyopanga Arusha, nawe utengeneze paa kwa fedha zako, itakulinda siku mkigombana na mwenye fremu. Inaweza, ila si kwa jinsi ilivyo sasa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inawaruhusu waliofunga mkataba kukubaliana kuubadili. Ila nyongeza kama hiyo karatasi yako nayo ni mkataba: inataka watu wazima wenye akili timamu, hiari, jambo halali, na kila upande utoe kitu. Wewe unatoa paa, mwenye fremu anatoa punguzo. Mbona basi karatasi yako inataja punguzo peke yake, utadhani umepewa zawadi? Paa liandikwe.

Kinachonisumbua hasa ni sahihi. Mkataba wa kwanza alisaini mzee mwenye fremu mwenyewe. Huu amesaini mwanawe. Hata kama kijana ndiye anayepita kuchukua kodi, fremu si yake. Ama mzee asaini, ama kijana alete hati ya uwakilishi inayomruhusu kubadili mkataba. Wala usinijibu kwamba mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Muhuri unasaidia kuonyesha kwamba mlifika mbele yake mkakubaliana. Haumpi kijana mamlaka ambayo baba yake hakumpa. Sisi tunapenda mihuri mno!

Mengine ni mepesi. Taja mkataba wa awali kwa tarehe yake, useme kifungu kipi kinabadilika, kodi mpya ni kiasi gani na inaanza lini, na kwamba vifungu vingine vinabaki vilevile. Usome na mkataba wenyewe. Kama umeweka utaratibu wa mabadiliko, ufuate. Habari ya "tulishaongea kwenye simu" kwa pango la miaka miwili usiitegemee. Kisha ilipieni hati hiyo ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), maana hati isiyolipiwa inakataliwa mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe, pamoja na faini.

Fundi wa paa mwambie asubiri mpaka mzee asaini. Na kabla hajasaini, nipigie picha hiyo karatasi mpya uniletee kwenye simu, niisome na baba yako.

Mama yako