Mwanangu, ijue kazi kabla hujamtafuta mtu

Mwanangu Hamisi,

Huku Tandika sote hatujambo, ila bibi yako magoti bado yanamsumbua. Uliniuliza kwenye simu, mtu anayezitafutia kampuni wafanyakazi awe na sifa gani ili awe hodari kuliko wenzake, maana hapo ofisini kwenu Mikocheni kuna mwenzako anajaza nafasi mbili wewe ukiwa bado unahangaika na moja, na bosi anamsifia. Nilikujibu juu juu kwa sababu nilikuwa kwenye daladala. Sasa nimetulia.

Huyo mwenzako usimpime kwa wiki hii. Subiri miezi sita, kisha ulizia ni wangapi kati ya aliowapeleka bado wako kazini. Kujaza nafasi katika mji huu si kazi ngumu. Juni 2014 Uwanja wa Taifa ulifurika watu zaidi ya 10,000 waliokuja kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Watu wapo. Shughuli ni kumpata anayeiweza kazi na atakayedumu nayo.

Miaka niliyokaa ofisi ya utumishi kwenye kampuni ya mizigo kule Kurasini, maafisa niliowaona wazuri walikuwa na tabia moja: waliijua kazi yenyewe kwanza. Meneja atakuletea karatasi imeandikwa anahitajika mtunza stoo, awe na digrii na uzoefu wa miaka mitano. Usiipokee ukakimbilia kutangaza. Nenda ukakae stoo nusu siku. Uone mzigo unaingia saa ngapi, nani anagombana na madereva, na aliyekuwepo aliondoka kwa nini. Hilo la mwisho uliza hata kama meneja atanuna. Ukikuta watatu wameacha kazi ndani ya mwaka mmoja, tatizo haliko kwa watunza stoo. Na hiyo digrii muulize itatumika wapi. Mara nyingi atakuna kichwa, aikate mwenyewe, na hapo umewapa nafasi vijana wengi wenye vyeti vya vyuo vya ufundi vya VETA ambao tangazo lingewafukuza.

Nikusimulie usaili mmoja wa nafasi hiyohiyo. Tuliachana na "jieleze kidogo" na "unajiona wapi baada ya miaka mitano", maswali ambayo kila mtu amekwisha kuyakariri. Tukapanga katoni chumbani, tukampa kila msailiwa hati ya mzigo inayosema katoni 48, tukamwambia apokee. Zilikuwa 46. Vijana wawili wenye Kiingereza cha kuteleza walisaini huku wakipiga stori. Akaja binti wa Mbagala ambaye mbele ya jopo alitetemeka mpaka sauti ikamkauka. Alihesabu, akarudia akianzia upande wa pili, akachungulia nyuma ya mlango, kisha akanigeukia: "Samahani mama, hizi mbili zilizopungua nimwandikie dereva, au mmezichukua nyinyi?" Kalamu hakuigusa. Na sisi kwenye jopo tulikuwa tumeshampa alama za chini kwa ule woga wake.

Kwa hiyo masikio yako usiyaamini sana. Utavutiwa na anayeongea kama wewe, aliyesoma ulikosoma, anayetoka kwenu. Ndiyo maana maswali yawe yaleyale kwa wote, na kila mjumbe aandike alama zake kabla hamjaanza kujadili. Mkianza na maongezi, mkubwa akishasema "huyu kijana safi", jopo zima litamwona safi. Mengine usiulize kabisa. Dada wa watu usimuulize kama ameolewa au anatarajia kuzaa lini. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu na mengineyo, na kinamlinda hata mwombaji, si aliyekwisha kuajiriwa tu.

Vyeti hakiki, na wadhamini wapigie simu wewe mwenyewe. Uhakiki wa serikali wa 2017 uliibua watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na hao wote kuna mahali walisailiwa wakapita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wa ofisi hizi wanalidharau: kumjibu aliyekosa. Wewe mwenyewe umetembeza bahasha ya kaki mjini, unajua. Mtu katoka Gongo la Mboto alfajiri, shati la kuazima, nauli ya kukopa, kasailiwa, kaambiwa "tutakupigia", kisha kimya. Anabaki anaangalia simu wiki tatu. Afisa hodari anapiga, au anatuma ujumbe wa mistari miwili: nafasi imejazwa, kilichokuangusha ni hesabu za stoo. Usidhani ni huruma tu. Nafasi nyingine ikitokea, huyo ndiye atakayepokea simu yako na kuja. Mshahara nao useme mapema. Kumpitisha mtu usaili mara tatu ndipo ajue kwamba pesa yenyewe haimtoshi kodi ni kupoteza muda wa kila mtu, wa mwajiri ukiwemo.

Mwajiri naye umwambie ukweli, ingawa yeye ndiye anayelipa. Akitaka fundi wa mitambo wa miaka kumi kwa mshahara wa mwanafunzi, mwambie hatampata, na umtajie wenzake wanalipa ngapi. Wengi wenu hapo ndipo mnaponywea. Mnaitikia "sawa bosi", halafu mnamsukumia yeyote aliyekubali, naye anaondoka mwezi wa pili.

Usipokee hata shilingi ya soda kutoka kwa anayetafuta kazi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 umeweka msingi huo, kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi. Na sivii ya mtu usiirushe kwenye kampuni nyingine bila kumuuliza. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, wapo watu waliogombana na bosi wao kwa sababu sivii yao ilitua mezani kwake mwenyewe.

La mwisho ni la nyumbani. Shangazi yako amesikia uko kwenye ajira, ameniletea sivii ya mwanawe nikupe "umshike mkono". Nimemwonyesha tangazo lenu, tarehe ya mwisho na namna ya kutuma maombi, akaondoka amevimba. Atakupigia. Mwamkie vizuri, umjibu hivyohivyo, na siku ya kumsaili kijana wewe usikae kwenye jopo.

Mama yako