Kompyuta na hasira ya kukosa kivuko

Mdogo wangu, umeuliza kompyuta itajuaje hisia za mtu ilhali haina moyo. Haihitaji kuzihisi, inakokotoa chanzo chake. Chukua pale Magogoni: wawili wamekosa kivuko cha Kigamboni, mmoja kachelewa nusu saa, mwingine geti limefungwa akiwa hatua mbili nyuma. Nani kaumia zaidi? Umeshajibu, na nyuso zao hujaziona. Mtafiti anaandika hesabu ya hicho ulichofanya: mtu alitaka nini, alitarajia nini, kapata nini. Watafiti Ortony, Clore na Collins walizipanga hisia aina 22 kwa vyanzo vyake mwaka 1988.

Ila mifano itoke na kwetu jamani! Msibani watani wanafanya vituko na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Modeli, yaani hiyo hesabu ndani ya kompyuta, isipojua utani itasema ni dharau.