Maswali na Majibu: Mguu wa Nani Umefungwa?

Mwalimu, shikamoo. Kwenye insha niliandika kwamba mvua ili-"impede" mechi yetu ya shule, maana haikuchezwa kabisa. Nikakatwa alama. Kwani "impede" si kuzuia? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Langoni, Lamu)

Marahaba, mwanangu. Hukuonewa. "Impede" ni kuzuia, ila kwa kutia uzito kwenye mwendo: jambo linaendelea, lakini kwa taabu. Mechi ingechezwa kwenye matope, watu wanateleza na mpira umegoma kubingirika, hapo ungeandika "impede" na alama zako ungezipata. Mechi ikifutwa, neno lake ni "prevent".

Tazama lilikotoka. Ni la Kilatini, impedire, limeundwa kwa in-, yaani ndani, na pes, mguu, ambalo kwenye minyambuliko yake huwa ped-. Maana ya asili ni kuutia mguu kifungoni. Mbuzi aliyefungwa kamba miguu ya mbele asiingie shamba la watu hula, husogea, hata huruka kidogo akitishwa, lakini hafiki mbali. Ndiyo "impede" hiyo. Majeshi ya Roma nayo yaliita shehena yao impedimenta, yaani mahema, vyakula, vyombo na mazagazaga yote yaliyofuata nyuma, kwa sababu ndiyo yaliyowachelewesha njiani.

Kinyume chake ni "expedite", kuutoa mguu kifungoni, neno ambalo kila mwenye faili lililolala ofisini analijua. Na kwa kuwa Kilatini na Kiajemi ni lugha za ukoo mmoja, mguu huohuo umo kwenye pajama unayolalia: pay kwa Kiajemi ni mguu, jama ni vazi.

Tena, ukiandika "impede", taja kinachozuiwa papo hapo. Usikipachikie "from" kama unavyofanya kwa "prevent".

Bwana mwalimu, mwaka 2024 naibu wa rais alipong'olewa, redio zilikuwa "impeach" asubuhi hadi jioni. Ni ndugu na "impede", au sauti tu? (Karani wa wakili, Malindi)

Ni ndugu, ila huyu alilelewa Ufaransa. Kilatini cha baadaye kilikuwa na impedicare, kumnasa mtu kwa pedica, pingu ya mguu, na pedica limezaliwa na pes yuleyule. Wafaransa wakalitamka empechier, na mpaka leo empêcher kwao ni kuzuia basi, hamna siasa ndani yake. Waingereza walilipokea kwa maana hiyohiyo, kisha likaelekea kwenye kushtaki kwa sababu walilichanganya na neno jingine la Kilatini, impetere, kushambulia. Bunge lao lilishaanza kuwashtaki watumishi wa mfalme kwa utaratibu huo tangu 1376.

Sasa nawe karani nisikilize, maana hapa hata watangazaji huteleza. "Impeach" ni kushtaki, wala si kuondoa. Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa lilipitisha hoja dhidi ya Rigathi Gachagua, na usiku ule alilala akiwa bado naibu wa rais. Kilichomwondoa ni kura ya Seneti ya tarehe 17. Marekani, Donald Trump alishtakiwa hivyo mara mbili, 2019 na 2021, na mara zote mbili Seneti ikamwachilia. Magazeti yetu yakiandika "kubanduliwa" siku ya kura ya kwanza, yameitangulia kesi. Mimi ningebaki na "kushtakiwa bungeni" mpaka Seneti iseme neno lake.

Maalim, mgeni wangu Mzungu aliuita ubao wa kukalia wa mashua "thwart". Nikaangalia kamusi kwenye simu, naambiwa ni kumvurugia mtu mpango. Wallahi nilijiuliza, huyu ananitukana? (Nahodha, Shela)

Hapana, nahodha, huyo anajua vyombo. "Thwart" lililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia, na kwao lilimaanisha kilichokingama. Anaye-"thwart" mpango wa mwenzake ameukingamia njia, na mara nyingi mpango hufia hapo. Si kama "impede", ambayo huacha uchechemee. Ule ubao zamani uliitwa "thoft", jina jingine kabisa. Lakini kwa kuwa umekaa mkingamo, toka ubavu hadi ubavu, mabaharia wakalipinda jina likafanana na hili. Sisi nasi tumepita njia hiyo: pingo linalokaa nyuma ya mlango na pingamizi la mahakamani vyote vimetoka kwenye kupinga.

Duka moja Malindi lauza "hamper" za Idi, kikapu na tende na biskuti ndani. Mwanangu ashikilia kwamba "hamper" ni kuzuia. Nani mkweli? (Mama, Mambrui)

Wote wawili, bibiye. Kikapu kimetoka kwenye neno la Kifaransa cha zamani, hanapier, kasha la kuwekea bilauri. Kile kitenzi ni neno jingine, yamefanana sauti tu. Ila mwambie mwanao kwamba kwa maana yake "hamper" li karibu sana na "impede", na kwenye mtihani laweza kuchukua nafasi yake bila kumkosesha alama.