Pumzi kukatika usingizini kwa mwenye dimenshia
Pole kwa kumuuguza mama mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Umeuliza kwa nini anakatika pumzi usiku ilhali mchana yuko sawa. Mdundo wa pumzi hutoka kwenye shina la ubongo, katika kijikundi cha seli kiitwacho preBötzinger, kilichotambuliwa mwaka 1991. Seli nyingine za shina hilo hupima kabonidayoksaidi na kuhimiza pumzi. Kwenye dimenshia ya Lewy, ambayo ni aina mojawapo ya dimenshia, protini ya alfa-sinukleini hurundikana kwenye shina hilohilo na baadhi ya seli hufa. Akiwa macho, sehemu za juu za ubongo husaidia. Akilala, msaada huo hupungua. Ila pumzi hukatika pia kwa sababu ya koo kuziba usingizini, na hilo ni kawaida mno. Kifua kikitulia kisha ashtuke kwa mkoromo, mrekodi video umwoneshe daktari, na utaje dawa zote za usingizi anazomeza: baadhi hudhoofisha pumzi.