Maswali na Majibu ya Historia: Sultani Aliyekimbilia Dar es Salaam, Nyuki wa Tanga na Mengineyo

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu, au vilivyopiganwa na watu wetu mbali na kwao. Nimechagua sita, nikaacha yale ambayo majibu yake mwanafunzi yeyote anayakuta katika kitabu chake cha shule.

Yule askari wa sanamu katika Barabara ya Samora ni nani, na kabla yake mahali pale palikuwa na nini? (Msomaji wa Ilala)

Hana jina, na ndivyo ilivyokusudiwa. Sanamu hiyo ya shaba ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, na singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini. Kabla yake, tangu 1909, palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda na gavana wa Kijerumani, naye alichongwa akiwa juu huku askari Mwafrika akimtazama kutoka chini. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiteremsha, ikasafirishwa hadi Uingereza, kisha ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa Hamburg, kwenye chuo kikuu, mwaka 1922. Wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967, na iliposimamishwa tena wakaiangusha mara ya pili mwaka 1968.

Wapita njia wachache husimama kusoma maandishi yaliyo chini ya askari wetu, ambayo yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni nzito kwa mnara usiotaja jina hata moja. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Kariakoo, ambako leo tunanunua vitunguu na vitenge, palikuwa kambi yao. Wazungu waliokufa katika vita hivyo walichongewa mawe yenye majina, lakini wapagazi wengi hawakupewa hata kaburi linalojulikana, na taasisi ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi kwa ubaguzi huo mwaka 2021, zaidi ya miaka 100 baada ya vita kumalizika.

Je, ni kweli kwamba sultani wa Zanzibar aliyeshindwa katika vita vya dakika 38 alihamia Dar es Salaam? (Msomaji wa Upanga)

Ni kweli, na kwa maoni yangu safari yake inastahili kusimuliwa kuliko vita vyenyewe. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia katika kasri na kujitangaza mrithi bila ridhaa ya Waingereza, ambao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Walimpa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka, naye hakuondoka. Manowari zao zilifyatua mizinga kwa muda usiofika saa moja, kasri likabomoka, meli ya sultani iitwayo Glasgow ikazama, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa, ilhali Waingereza walipata majeruhi mmoja tu.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akakaa humo zaidi ya mwezi huku askari wa Waingereza wakimsubiri nje wamkamate pindi atakapokanyaga udongo wa Zanzibar. Wajerumani wakapata hila ambayo mwanasheria yeyote angeisifu. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ilisogezwa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, na Khalid akatoka katika eneo la Wajerumani na kuingia moja kwa moja katika chombo cha Wajerumani. Hakukanyaga ardhi ya Zanzibar hata hatua moja, na waliomvizia hawakuwa na la kufanya. Aliletwa Dar es Salaam, akaishi hapa takriban miaka 20 chini ya ulinzi wa Wajerumani, mpaka Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walimpeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, kisiwa kilekile walichomfungia Napoleon karne moja kabla, na baadaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, ambako alifariki Mombasa mwaka 1927.

Babu yangu alisema Wajerumani waliwafundisha nyuki kupigana Tanga. Kuna ukweli gani? (Mwanafunzi, Mbagala)

Nyuki walikuwepo, mafunzo hayakuwepo. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, wakashindwa na watetezi wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano, makundi ya nyuki waliochokozwa na milio ya risasi yalitoka mizingani na kuwauma askari wa pande zote mbili. Uvumi kwamba Wajerumani walitega nyaya za kuwafungulia ulienezwa na upande ulioshindwa, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Mshikie babu adabu, lakini mweleze.

Wazee waliofanya kazi bandarini hutaja eneo liitwalo Belbase. Lilikuwa nini? (Msomaji wa Kurasini)

Lilikuwa sehemu ya bandari waliyokodishwa Wabelgiji kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Majeshi yao kutoka Kongo ndiyo yaliyoingia Kigoma na Tabora mwaka 1916, na baada ya vita walidai fungu lao. Walipata Rwanda na Burundi, na kwa mkataba wa mwaka 1921 wakapewa pia maeneo maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo yao ipite bila kutozwa ushuru. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Nyerere ilishika hoja kwamba Mwingereza, aliyekabidhiwa nchi aisimamie kwa muda, hakuwa na mamlaka ya kuitoa milele.

Shikamoo mwalimu. Fuvu la Mtwa Mkwawa liliingiaje katika mkataba wa Versailles? (Mwanafunzi, Kigamboni)

Marahaba. Liliingia katika kifungu cha 246 cha mkataba huo wa amani wa mwaka 1919, ambacho kiliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekiangamiza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, alijiua kwa risasi Julai 1898 asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Waingereza hawakusukumwa na huruma peke yake, kwa sababu Wahehe walikuwa wamewasaidia vitani na walihitaji kushukuriwa kwa jambo ambalo halingeigharimu hazina ya Uingereza hata senti.

Ujerumani ilidai kwamba haijui fuvu liko wapi, na suala likalala zaidi ya miaka 30. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua. Alikwenda katika makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu kutoka Afrika Mashariki yalipangwa kama bidhaa ghalani, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi ambalo vipimo vyake vililingana na vya ndugu wa ukoo. Alilikabidhi Kalenga mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipoanzishwa hapa Dar es Salaam tarehe 7 Julai. Aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye miaka minane baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi huru.

Kambi ya Lugalo iliwahi kuitwa Colito. Kwa nini, na jina lilibadilishwa lini? (Msomaji wa Mwenge)

Colito ni mahali kusini mwa Ethiopia ambapo askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa kikosi cha 6 cha Tanganyika, walipigana na Waitaliano Mei 1941. Kikosi hicho ndicho kilichozaa jeshi la Tanganyika Rifles tulilorithi wakati wa uhuru, likiwa na maofisa wengi Waingereza. Na hapo ndipo penye kiini cha yaliyofuata.

Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao Waingereza wakidai mishahara zaidi na uongozi wa Waafrika. Nyerere na Rashidi Kawawa walivushwa upande wa pili wa bandari na kufichwa, huku waziri Oscar Kambona akibaki kujadiliana na waasi, na kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur na kuwanyang'anya askari silaha. Kuomba msaada kwa mtawala wa jana kulikuwa aibu, na Nyerere hakuificha.

Jeshi lile lilivunjwa. Wanigeria walikuja kushika ulinzi kwa miezi kadhaa, vijana wapya wakaandikishwa, wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Jina la vita vya Mwingereza na Mwitaliano liliondolewa baada ya uasi huo, na kambi ikapewa jina la mahali Mkwawa alipowashinda Wajerumani.